Saratani ya matiti kwa bibi zetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupunguza matibabu

Maswali haya yameulizwa na wagonjwa wenyewe, watoto wao na wajukuu: kwenye benchi la nje ya kliniki, kwenye simu za saa nne usiku, na mara nyingi mlangoni wakati daktari keshatoka. Mimi ni muuguzi. Majibu yanamhusu mwanamke wa miaka 65 au 70 kwenda juu ambaye saratani yake imegunduliwa mapema. Kama ya mgonjwa wako imeshatoboa ngozi, au imefika kwenye mifupa, mapafu au ini, mengi yaliyo hapa hayamhusu. Soma swali la 4 kwanza.

## Ya msingi

1. Kupunguza matibabu maana yake nini hasa?

Matibabu ya saratani ya matiti yana vipande kadhaa: upasuaji wa titi, upasuaji wa kwapa, mionzi, dawa za dripu ambazo wengi tunaziita kemo, vidonge vya homoni, na sindano maalumu kwa baadhi ya wagonjwa. Kupunguza ni kuondoa au kufupisha kipande ambacho utafiti umeonyesha hakimwongezei maisha mwanamke wa aina fulani. Mmoja ataondolewa uvimbe badala ya titi zima. Mwingine hataguswa kwapa. Mwingine atapigwa mionzi siku 5 badala ya wiki 5, au asipigwe kabisa.

Kinachobaki kinafanyika kikamilifu. Mgonjwa aliyepunguziwa bado anatibiwa, bado ana kadi, bado ana tarehe ya kurudi.

2. Si juzi tu walikuwa wanasema saratani ikatwe yote na mizizi yake?

Safari ya kupunguza ni ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alikuwa akiondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi zote za kwapani kwa mkupuo mmoja, na kwa miongo mingi madaktari wa nchi nyingi wakamfuata. Mwaka 1981 daktari Umberto Veronesi wa Milan, Italia, alichapisha utafiti wa wanawake wenye uvimbe mdogo: waliotolewa sehemu ya titi na kupigwa mionzi waliishi sawasawa na waliokatwa kwa njia ya Halsted. Mwaka 1985 Bernard Fisher wa Marekani akafika hapo hapo kwa utafiti wake.

Shangazi yangu alikatwa kwa mtindo wa zamani, kwapa lote likasafishwa. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika, na saratani haikurudi. Lakini mkono wake wa kushoto ulivimba, kwa sababu majimaji ya mwilini yalikosa njia ya kupita, hadi bangili aliyoolewa nayo ikabidi sonara aikate kwa msumeno mdogo huku mkono umelazwa juu ya mto. Mbuzi ya kukunia nazi aliisukuma chini ya kitanda na hakuikalia tena. Kila nikisoma takwimu za upasuaji wa kwapa, naiona ile bangili.

3. Umri unaingiaje? Saratani si saratani tu?

Unaingia kwa njia mbili. Kwanza, uvimbe wa titi wa wanawake wazee mara nyingi una vipokezi vya homoni, yaani milango ambayo estrojeni, homoni ya kike, hupitia kuuchochea ukue. Uvimbe wa namna hiyo kwa kawaida hukua polepole, na vidonge vya kuzuia homoni huuweza.

Pili, mtu wa miaka 75 ana mambo mengine yanayoweza kumchukua kabla ya saratani hii: moyo, kiharusi, sukari, figo. Kwenye utafiti wa Marekani ulioelezwa katika swali la 5, wanawake 636 walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 10. Waliofariki kwa saratani ya matiti walikuwa 21. Waliofariki kwa sababu nyingine walikuwa 313. Mimi hurudia hesabu hiyo kwa kila familia, kwa kuwa matibabu yanayomchosha mtu kwa ajili ya wale 21 yanaweza kumdhuru mmoja wa wale 313.

4. Nitajuaje kama mama anafaa kupunguziwa?

Anza na karatasi ya patholojia, ile inayotoka maabara baada ya kuchukuliwa kipande cha nyama kwa sindano. Tafuta mambo matano: ukubwa wa uvimbe kwa sentimita, daraja la seli (1 hadi 3, 3 ndiyo kali), vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, HER2 (protini ambayo ikizidi, yaani ikiwa chanya, huufanya uvimbe ukue haraka), na hali ya tezi za kwapani.

Anayefaa zaidi ni yule mwenye uvimbe usiozidi sentimita 2 au 3, wenye vipokezi vingi vya estrojeni, HER2 hasi, daraja la 1 au 2, na kwapa ambalo halina tezi zilizovimba kwa kupapasa na kwa utrasaundi. Kila sifa inayokosekana inapunguza uhuru wa kupunguza.

Karatasi nyingi ninazoletewa zimeandikwa aina ya saratani tu, hazina vipokezi. Kipimo hicho kinahitaji rangi maalumu za maabara na mara nyingi kinalipiwa peke yake, kwa hiyo familia hukiruka ili kuokoa fedha za upasuaji. Nakuomba usikiruke. Bila majibu ya vipokezi hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba mionzi iachwe, kemo iachwe, wala kwamba vidonge vitasaidia. Afadhali usubiri wiki mbili upate jibu. Saratani ya aina hii haikimbii kwa wiki mbili.

## Mionzi

5. Kweli mtu anaweza kutolewa uvimbe tu na asipigwe mionzi?

Baadhi, ndiyo, wakikubali kumeza vidonge vya homoni. Kuna tafiti mbili kubwa.

Ya kwanza ni CALGB 9343 ya Marekani, iliyoandikisha wanawake kati ya 1994 na 1999. Wote walikuwa na miaka 70 na zaidi, uvimbe usiozidi sentimita 2, vipokezi vya estrojeni vipo, kwapa safi kwa kupapasa. Wote walitolewa uvimbe na kupewa tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni, nusu yao wakaongezewa mionzi. Baada ya miaka 10, saratani haikuwa imerudi kwenye titi wala kwapani kwa asilimia 98 ya waliopigwa mionzi na asilimia 90 ya wasiopigwa. Waliokuwa hai: asilimia 67 na asilimia 66.

Ya pili, PRIME II, ilifanyika Uingereza na nchi nyingine chache kwa wanawake 1,326 wa miaka 65 na zaidi, uvimbe hadi sentimita 3. Matokeo ya miaka 10 yalitoka 2023. Uvimbe ulirudi kwenye titi lile lile kwa asilimia 9.5 ya wasiopigwa mionzi na asilimia 0.9 ya waliopigwa. Waliokuwa hai ni karibu asilimia 81 kila upande. Wenye vipokezi vichache walirudiwa zaidi, ndiyo maana swali la 4 linasisitiza *vingi*, si kuwepo tu.

6. Karibu mmoja kati ya kumi kurudiwa! Hiyo si kubwa?

Kwa mwingine ni kubwa, na ana haki ya kuikataa. Mionzi inafanya kazi, na aliyeambiwa haifanyi kazi kwa wazee ameambiwa uongo. Swali ni kile anachopata na kile anachotoa. Anapunguza uwezekano wa uvimbe kurudi kwenye titi kutoka karibu 10 kati ya 100 hadi 1 au 2 kati ya 100 kwa miaka 10. Haongezi miaka ya kuishi. Anatoa siku za safari, ngozi kuungua kidogo, uchovu wa wiki kadhaa, na wachache hubaki na titi gumu au linalouma.

Nimewahi kumweleza bibi mmoja mambo haya mara mbili. Akanyamaza, akafunga ncha ya kanga yake, akaniambia: "Mwanangu, mimi nikilala usiku nataka nisiwaze." Akapigwa mionzi, na aliamua vizuri. Jirani yake wa kitanda alikuwa na uvimbe kama huo huo, akachagua vidonge peke yake kwa sababu mumewe alikuwa amepooza na hakuna wa kumgeuza. Naye aliamua vizuri.

7. Tunaishi mbali, na hatuwezi kukaa mjini wiki tano. Tufanye nini?

Uliza kuhusu ratiba fupi. Utafiti wa Uingereza uitwao FAST-Forward, uliotoka 2020 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 4,000, ulionyesha kuwa mionzi ya mara 5 ndani ya wiki 1 inazuia uvimbe kurudi sawa na ile ya mara 15 kwa wiki 3. Ipo pia ratiba ya mara moja kwa wiki kwa wiki 5, nzuri kwa anayeweza kuletwa siku moja tu na mjukuu mwenye gari.

Kwa mwanamke anayetoka Kigoma kwenda Dar es Salaam, tofauti ya wiki 1 na wiki 5 si jambo la starehe. Ni kodi ya chumba, chakula cha watu wawili, na mtoto aliyeacha duka. Si kila kituo kimeanza ratiba hizi na si kila mashine inazifaa, lakini swali halimgharimu mtu: "Daktari, mama yangu anafaa kwa mionzi ya siku tano?"

8. Hospitali yetu haina mashine, au imeharibika. Si ndiyo tumeshapunguziwa?

Hapana, na tofauti hii inaniuma. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika kabisa, na wagonjwa wakakaa muda mrefu bila mionzi ndani ya nchi yao. Tanzania nayo kwa miaka mingi ilitegemea Taasisi ya Saratani ya Ocean Road peke yake. Mwanamke aliyekosa mionzi kwa sababu ya foleni au mashine hakupunguziwa chochote. Alikosa.

Jambo la kufanya ni hili: mpime kwa vigezo vya swali la 4 kama vile mashine ipo. Akifaa kuacha mionzi, basi hajapoteza. Asipofaa na mionzi haifikiki, zungumzeni na mpasuaji kabla ya kisu, kwa sababu kwa saratani ya mapema kuondoa titi zima mara nyingi kunamwepusha na haja ya mionzi. Kutoa uvimbe tu kwa mtu anayehitaji mionzi, ukijua hataipata, ni kumwachia hatari.

## Kwapa

9. Mpasuaji anasema hatagusa kwapa. Amesahau, au anatuficha kitu?

Huenda anafuata ushauri mpya. Kwa miaka mingi tezi zote za kwapani zilitolewa. Baadaye ikatosha kutoa tezi moja au mbili za kwanza zinazopokea majimaji kutoka kwenye titi na kuzipima. Mwaka 2016 chama cha wapasuaji wa saratani cha Marekani kilishauri kwamba hata hizo zisitolewe kwa mazoea kwa wanawake wa miaka 70 na zaidi wenye uvimbe wa vipokezi vya homoni na kwapa lisilo na dalili. Sababu ni kwamba jibu la tezi mara nyingi halibadilishi matibabu: mgonjwa atapewa vidonge vya homoni hata hivyo.

Tangu hapo ushahidi umeongezeka, tena kwa wanawake wa rika mbalimbali. Utafiti wa SOUND, ulioongozwa kutoka Milan na kutoka 2023, ulifuata wanawake 1,405 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2 na utrasaundi safi ya kwapa. Miaka 5 baadaye, wasioguswa kwapa na walioguswa walikuwa sawa: karibu asilimia 98 kila upande hawakuwa na saratani iliyosambaa. Utafiti wa INSEMA wa Ujerumani na Austria ulithibitisha hivyo mwaka 2024.

Sharti lake ni utrasaundi ya kwapa iliyofanywa na mtu anayejua anachotafuta. Kama hakuna aliyepima kwapa, kwa mkono wala kwa mashine, usikubali liitwe safi. Na kama tezi imevimba na sindano imethibitisha saratani, swali hili limefungwa: kwapa litatibiwa.

Aliyekwisha kuguswa kwapa aangalie mkono wake. Vidole vikianza kubana pete au mkono kuwa mzito, aje mapema. Uvimbe wa mkono ukiwahiwa, bandeji na mazoezi huusaidia. Ukichelewa, hauondoki.

## Vidonge vya homoni

10. Mama hataki kumeza kidonge kila siku kwa miaka mitano. Anaweza kuchagua mionzi iwe badala yake?

Swali hili lilichekwa zamani. Leo linachunguzwa. Utafiti wa EUROPA, unaoongozwa kutoka Italia, uliwagawa wanawake wa miaka 70 na zaidi wenye uvimbe mdogo usio mkali: nusu mionzi peke yake, nusu vidonge peke yake. Matokeo ya awali ya mwishoni mwa 2024 yalionyesha kuwa waliopigwa mionzi walijisikia vizuri zaidi baada ya miaka 2 kuliko waliomeza vidonge. Majibu ya muda mrefu kuhusu kurudi kwa saratani bado yanakusanywa, kwa hiyo ni jambo la kujadili na daktari bingwa, hasa kwa aliyejaribu vidonge vikamshinda.

Lililo wazi ni kwamba kuacha vyote viwili si kupunguza. Aliyeacha mionzi kwa makubaliano ya swali la 5 kisha akaacha vidonge kimya kimya nyumbani hana kinga iliyobaki.

11. Vidonge hivi vina madhara gani kwa mtu mzima?

Tamoksifeni ni ya zamani, bei yake inavumilika, na ipo kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani. Huleta joto la ghafla na jasho. Mara chache huleta damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, na huongeza kidogo hatari ya saratani ya mji wa mimba. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au mama aliyekoma hedhi akiona damu, aende hospitali siku hiyo hiyo. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari, kwani tamoksifeni huiongezea nguvu na damu huweza kuwa nyepesi mno. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini na paroksetini, zinapunguza kazi ya tamoksifeni.

Anastrozoli na letrozoli ni kundi jingine la vidonge vya homoni. Hazigandishi damu kama tamoksifeni, lakini huuma viungo na hudhoofisha mifupa. Kwa bibi aliyeshawahi kuvunjika nyonga au kifundo, taja hilo kabla dawa haijaandikwa.

Na Ramadhani: nimegundua mara kadhaa kwamba mgonjwa huacha kidonge mwezi mzima akidhani kinamharibia funga. Kidonge ni kimoja kwa siku. Kinamezwa kwenye futari au daku na funga inabaki salama.

12. Bibi ana miaka 86, moyo umechoka. Hawezi kupewa vidonge tu bila kisu?

Anaweza, kama uvimbe una vipokezi. Tafiti zilizolinganisha tamoksifeni peke yake na upasuaji kwa wanawake wa miaka 70 na zaidi hazikuona tofauti ya wazi ya urefu wa maisha, lakini uvimbe wa waliomeza vidonge tu mara nyingi ulianza kukua tena kadiri miaka ilivyokwenda. Kwa sababu hiyo wataalamu wa saratani za wazee huutunza uamuzi huu kwa mtu ambaye kwa hali yake hatarajiwi kuishi zaidi ya miaka 2 au 3, au ambaye kisu ni hatari kweli.

Kabla ya kusema hawezi upasuaji, uliza kuhusu ganzi ya sehemu. Uvimbe mdogo unaweza kutolewa mgonjwa akiwa macho, bila kulazwa usingizi. Nimeona mabibi waliokataliwa usingizi wakatolewa uvimbe asubuhi na jioni wakawa kwao.

## Kemo na sindano

13. Kwa mzee, kemo iachwe tu?

Sipendi neno "tu" hapo. Kwa wenye vipokezi vya homoni na HER2 hasi, mara nyingi inaachika. Utafiti wa TAILORx wa 2018 ulionyesha kuwa wanawake wa zaidi ya miaka 50 wenye kwapa safi na alama ya kati kwenye kipimo cha jeni za uvimbe hawakufaidika na kemo. Kipimo chenyewe ni ghali na wengi wetu hatutakipata, hivyo daktari ataamua kwa daraja la seli, ukubwa na tezi. Ufaransa nako utafiti wa ASTER 70s, kwa wanawake wa miaka 70 na zaidi ambao jeni za uvimbe wao zilionyesha ukali, haukuona kuwa kemo iliyoongezwa juu ya vidonge ilirefusha maisha kwa kiasi cha kuthibitika.

Ipo pia tafiti inayotuonya. Madaktari wa Marekani walijaribu kuwapa wanawake wa miaka 65 na zaidi vidonge vya kapesitabini, vilivyodhaniwa kuwa vyepesi, badala ya kemo ya kawaida. Matokeo yalitoka 2009. Baada ya miaka 3, waliobaki hai bila kurudiwa walikuwa asilimia 68 kwa kapesitabini na asilimia 85 kwa kemo ya kawaida. Anayehitaji kemo apewe inayofanya kazi, au asipewe. Kumpunguzia dozi kwa huruma, bila sababu ya kipimo, kunamletea madhara ya dawa bila faida yake.

14. Na kama HER2 ni chanya, au vipokezi vyote ni hasi?

Hapo saratani ni ya haraka na nafasi ya kupunguza ni ndogo. Kwa HER2 chanya, Wajapani kwenye utafiti wa RESPECT walijaribu trastuzumabu, ile sindano maalumu ya HER2, bila kemo kwa wanawake 275 wa miaka 70 hadi 80. Baada ya miaka 3, asilimia 89.5 hawakuwa wamerudiwa, dhidi ya asilimia 93.8 ya walioongezewa kemo. Haikuthibitika kuwa ni sawa, ila kwa asiyeweza kemo ni njia ya heshima. Moyo upimwe kwanza, kwa sababu trastuzumabu huugusa.

Vipokezi vyote vikiwa hasi, vidonge vya homoni havina kazi. Mama mwenye nguvu zake azungumzie kemo kamili hata kama ana miaka 74. Na aina hii huonekana zaidi kwa wanawake wa asili ya Kiafrika, sababu nyingine ya kutoruka kipimo.

## Familia na uamuzi

15. Nahisi wanamnyima kwa sababu ni mzee. Nitajuaje?

Sikiliza sababu inayotolewa. "Ameshakula chumvi nyingi" si sababu ya kitabibu. "Uvimbe wake ni sentimita 1.5, vipokezi vingi, mionzi haitamwongezea maisha" ni sababu. Wapo wa miaka 78 wanaotembea hadi sokoni na kurudi, na wapo wa 68 wasiofika chooni bila kushikwa. Kwa hiyo kliniki nzuri humpima mtu mzima mzima. Kipo kipimo kiitwacho G8, maswali 8 kuhusu kula, kupungua uzito, kutembea, kumbukumbu, idadi ya dawa, anavyoiona afya yake na mengineyo. Alama ni 17, na anayepata 14 au chini anahitaji kuchunguzwa zaidi kabla ya kuamua. Ni dakika chache. Unaweza kuomba afanyiwe.

16. Tumeamua tusimwambie bibi kuwa ni saratani. Inafaa?

Naelewa mnampenda. Lakini uamuzi wote wa ukurasa huu unategemea yeye anataka nini, na hawezi kutaka asilolijua. Atamezaje kidonge miaka 5 kwa "uvimbe wa kawaida"? Mara nyingi bibi anajua siku nyingi na ananyamaza ili kuwalinda ninyi. Mkae naye, mumuulize: "Bibi, ungependa kujua kila kitu, au daktari azungumze na baba mkubwa?" Akichagua ya pili, hilo ni jibu lake na liheshimiwe.

17. Mama amepoteza kumbukumbu. Aamue nani?

Anayemjua zaidi alivyokuwa kabla ya ugonjwa, akishirikiana na daktari. Mwulizeni hata hivyo, kwa maneno mafupi, asubuhi akiwa mchangamfu. Mionzi inamtaka alale bila kutikisika peke yake chumbani, na huenda akaogopa sana. Kidonge kinahitaji mtu wa kumpa. Mara nyingi hayo mawili ndiyo yanayoamua.

18. Tafiti hizi ni za Wazungu. Zinatuhusu?

Zinamhusu mwenye uvimbe kama wa waliochunguzwa. Wengi wa wanawake hao uvimbe wao ulionekana kwenye mamografia, yaani eksirei ya titi, kabla haujapapasika. Kwetu wengi hufika umeshakuwa mkubwa, na wagonjwa wetu kwa wastani ni vijana kuliko wa huko. Hivyo idadi ya wanaofaa kupunguziwa ni ndogo kuliko Ulaya. Lakini wapo, na wanaongezeka kadiri watu wanavyowahi. Bibi wa Tanga mwenye sentimita 1.5, vipokezi vingi na kwapa safi ana haki ya ushahidi huo sawa na bibi wa Edinburgh.

19. Kaka yetu aliye ng'ambo anataka kila kitu kifanyike. Sisi tunaomuuguza tunaona atachoka.

Mpigieni simu mkiwa na karatasi ya patholojia mkononi, msomeeni, na mgonjwa awepo kwenye simu hiyo. Aliye mbali mara nyingi anasukumwa na uchungu wa kutokuwepo. Akisikia sauti ya mama yake ikisema anachotaka, mjadala hubadilika. Kama bado hamjaelewana, maoni ya daktari wa pili ni halali, na daktari mzuri hakasiriki.

20. Tuliacha mionzi, miaka sita imepita, sasa uvimbe umerudi kwenye titi lile lile. Tulikosea?

Mlikuwa miongoni mwa wale karibu 10 kati ya 100 wa swali la 5, na mliambiwa wapo. Uvimbe upimwe upya, vipokezi vikiwemo, kwa sababu vinaweza kubadilika. Utafutwe pia mahali pengine mwilini. Ukiwa peke yake, mama anaweza kutolewa uvimbe tena. Na kwa kuwa mionzi haikutumika mara ya kwanza, bado ipo kwa ajili yake. Mpelekeni wiki hii, na mwende na karatasi zote za zamani.